Nani Anaamua Muziki Uishe?

Ndugu mwenyekiti, waandaaji, na nyote mliokuja kumsikiliza mtu akiuzungumzia muziki badala ya kuupiga: ahsanteni.

Mada niliyopewa ni undugu kati ya muziki wa papo kwa papo na demokrasia. Nimeipokea kwa furaha, ingawa yenye wasiwasi. Sisi wapenzi wa muziki huu tumezoea kujisifu kwamba jukwaani kwetu demokrasia imekamilika: hakuna bosi, kila mtu ana sauti, hakuna anayenyamazishwa. Maneno matamu, na yana ukweli. Ila nimekaa kwenye vikundi vya namna hii muda wa kutosha kujua kwamba ukweli huo ni nusu, na leo nitasumbuka zaidi na ile nusu nyingine.

Tuelewane kwanza. Simzungumzii mpiga saksafoni anayetoka mbele na kuupamba wimbo ambao bendi nzima inaujua. Huyo naye anabuni, na anaweza kubuni vizuri mno, lakini ana mengi ya kuegemea: mdundo umeshakubaliwa, mizunguko inahesabika, wenzake wanajua atarudi wapi. Nawazungumzia watu watatu, wanne au watano wanaopanda jukwaani bila wimbo, bila nota, bila makubaliano ya mdundo wala muda, bila kiongozi. Mmoja anatoa sauti. Au hatoi. Kuanzia hapo kila kitu kinaamuliwa na waliopo, palepale, mbele ya wasikilizaji.

Wala msidhani ni muziki wa wasiojua kupiga. Derek Bailey, mpiga gitaa aliyezaliwa Sheffield mwaka 1930, alikula mkate wake kwa miaka mingi kwenye kumbi za dansi na studio za kurekodi, akipiga chochote alichowekewa mbele. Alipoziacha kazi hizo ustadi alibaki nao. Alichokitupa ni mazoea.

Kubuni kwenyewe ni kwa kale kama muziki. Lakini muziki huu unaokataa hata kuanza na wimbo ulichomoza mahali pengi karibu kwa pamoja, katikati ya miaka ya 1960. Kule Sheffield, Bailey, Gavin Bryars na Tony Oxley walianza na jazi ya kawaida mwaka 1963, na baada ya miaka mitatu walikuwa wameshaihama. Mjini Rome, mwaka 1964, mtunzi Franco Evangelisti alianzisha kikundi cha watunzi wanaobuni kwa pamoja, na ndani yake alikuwemo Ennio Morricone, huyuhuyu wa muziki wa filamu, akipiga tarumbeta. London ikapata kikundi cha AMM mwaka 1965. Chicago ikapata AACM, chama cha kuwaendeleza wanamuziki wabunifu, mwaka huohuo. Amsterdam ikafuata mwaka 1967 na umoja wa wanamuziki akina Misha Mengelberg na Han Bennink. Kabla ya wote hao, Desemba 1960, mpiga saksafoni Mmarekani Ornette Coleman aliingia studio na wanamuziki saba, wakapiga mfululizo kwa dakika kama 37 wakiwa na vipande vichache tu vilivyotungwa kabla.

Chicago nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko hadithi yetu ya kujisifu inakoanza kupata nyufa. Wanamuziki weusi wa mji ule walikuwa na tawi lao la chama cha wanamuziki, na weupe lao. Matawi hayo hayakuunganishwa hadi mwaka 1966. Mpiga piano Muhal Richard Abrams na wenzake watatu waliitisha mikutano mwezi Mei 1965 kutafuta namna ya kujisimamia. Walichokiunda, yaani AACM, ni chama hasa: kina mwenyekiti, kina viongozi wa kuchaguliwa, kina ada ya uanachama, kimesajiliwa kisheria, na kina sharti kwamba matamasha yake yatakuwa ya muziki uliotungwa na wanachama wenyewe. Baadaye wakafungua shule ya muziki ya kuwafundisha vijana bila malipo. Muziki wao ulikuwa huru kupita kiasi cha masikio mengi ya wakati ule, na vikao vyao vilikuwa na utaratibu wa kubana. Sioni mgongano hapo. Mtu aliyetawaliwa miaka yote na desturi zisizoandikwa popote anaijua vizuri thamani ya kanuni anayoweza kuinyooshea kidole.

Sasa nendeni Afrika Kusini, mwaka 1964. Kikundi cha Blue Notes kilikuwa na watu sita: Chris McGregor kwenye piano, mweupe, pamoja na Dudu Pukwana, Nik Moyake, Mongezi Feza, Johnny Dyani na Louis Moholo, weusi. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, sita hao kupanda jukwaa moja kulikuwa ni kujitafutia balaa kila usiku. Walipata mwaliko wa tamasha la Antibes, Ufaransa, wakaondoka na wakabaki Ulaya, isipokuwa Moyake ambaye alirudi nyumbani. Waliofika London waliwatikisa wanamuziki wa huko. Waingereza walikuwa wakiijadili sana nadharia ya uhuru. Hawa walipiga kama watu walionyimwa. Feza alifariki mwaka 1975, Dyani 1986, McGregor na Pukwana wote wawili 1990. Katika wale sita ni Moholo peke yake aliyeishi kuuona uchaguzi wa 1994. Nawataja kwa sababu mara nyingi muziki huu unasimuliwa kama mchezo wa wasomi wa Ulaya waliochoshwa na nota. Baadhi ya waliouunda hawakuwa hata na kadi ya kupigia kura.

Nije kwenye kiini. Mjini London, kuanzia mwaka 1966, mpiga ngoma John Stevens aliendesha kikundi chake kwenye ukumbi mdogo wa Little Theatre Club. Kanuni zake zilikuwa mbili hivi. Ya kwanza: kama humsikii mwenzako, unapiga kwa nguvu mno. Ya pili: kama unachopiga hakina uhusiano wowote na wanachopiga wenzako, unafanya nini kwenye kikundi? Hakuna kingine. Tazameni zinavyofanya kazi, maana mtu akizisikia haraka atadhani ni nasaha za adabu. Ya kwanza haiweki kiwango cha sauti. Haisemi ngoma isizidi hapa, gitaa lisizidi pale. Kipimo ni sikio langu mwenyewe: nikishindwa kumsikia aliye dhaifu kuliko wote, kosa ni langu, hata kama yeye ndiye anayenong'ona. Katika siasa tumezoea kinyume chake. Asiyesikika anaambiwa apaze sauti, ajipange, atafute kipaza sauti. Stevens alimpa mzigo mwenye kelele.

Alikuwa na mazoezi pia. Katika moja, kila mtu anapiga sauti fupi kadiri awezavyo, kisha nyingine, kisha nyingine, kila mmoja kwa wakati wake. Katika jingine, kila mtu anashikilia sauti moja hadi pumzi iishe, anavuta pumzi, anaanza upya. Hata asiyewahi kushika ala anaweza kushiriki. Na mtu hawezi kutawala, kwa sababu sauti fupi hainyooshi hotuba. Mimi mzungumzaji wa leo ningefeli zoezi hilo.

Kuna jambo wasikilizaji huniuliza mara kwa mara baada ya onyesho: mnajuaje kwamba mmemaliza? Wengine wanashuku tuna ishara ya siri. Hatuna, na swali hilo naliona ndilo bora kuliko yote yanayoulizwa kuhusu muziki huu.

Fikirini. Watu wanne wamepiga kwa dakika ishirini. Sauti zinapungua. Mpiga selo ameinua upinde. Mpiga ngoma ameweka kiganja juu ya ngozi. Kimya kinaingia. Je, ni mwisho au ni pumziko? Hakuna anayejua, na hapa kuna mgawanyo wa mamlaka ambao sijauona kwenye katiba yoyote. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuumaliza muziki. Ukiacha kupiga, umeacha wewe tu. Lakini mtu yeyote mmoja anaweza kuuendeleza: nota moja ndogo, mkwaruzo mmoja wa waya, na wote wanne wamerudi kazini, wapende wasipende. Kila mmoja ana kura ya turufu dhidi ya mwisho. Kwa hiyo muziki unaisha pale tu ambapo wote wenye uwezo wa kuupinga mwisho wameamua, kila mmoja kimoyomoyo, kutoutumia uwezo huo.

Hapo ndipo tabia za watu zinapojianika. Yupo asiyevumilia kimya. Sekunde tatu tu na ameshaongeza kitu, kila usiku. Yupo anayejenga kilele kikubwa kila akichoka, ili wenzake wasiwe na njia ila kuanguka naye. Huyo hatangazi mwisho, anaulazimisha. Yupo mcheshi wa nota moja ya mwisho baada ya nota ya mwisho, na wasikilizaji wanacheka, na kazi ya dakika ishirini imegeuka kichekesho. Lakini yupo pia anayekataa mwisho uliokuja kwa urahisi mno. Wote wameridhika, wasikilizaji wanakaribia kupiga makofi, naye anaona kuna jambo halijasemwa. Anapiga. Wenzake wanakasirika kwa nusu dakika. Kisha mara nyingi, si kila mara, kinachofuata ndicho kilichowafanya wote waje usiku ule.

Siasa zina sherehe nyingi za kuanza: kampeni, kura, kiapo, mizinga. Suala la kumaliza tumeliachia kalenda, na kalenda nayo ina watu wanaoifanyia marekebisho. Sidai kwamba rais aliyegoma kuondoka angetibiwa kwa kumpa selo. Ninachosema ni kwamba uwezo wa kuendelea, ukiwa mikononi mwako kabisa, na wewe ukaamua usiutumie kwa sababu umesikiliza chumba, ni stadi inayojifunzwa. Wapigaji wanaifanyia mazoezi kila wanapokutana. Sijui ni wapi wanasiasa wanaifanyia yao.

Sasa niseme penye tofauti, maana undugu si upacha.

Waswahili walisema wengi wape. Kwetu jukwaani wengi hawapewi. Hakuna kura, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Kama watatu wanapiga kwa kasi na mmoja ameshika sauti moja ndefu isiyobadilika, yule mmoja hajazidiwa. Ameubadilisha muziki wote, kasi ya wale watatu inasikika tofauti kwa sababu yake. Ni jambo zuri sana kulisikia, na ni hatari kulipeleka bungeni bila kufikiri. Bunge linagawa fedha. Shilingi ikienda kwenye barabara haiendi kwenye dawa. Sauti mbili zinaweza kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Bajeti mbili haziwezi. Tena sisi tumechaguana. Nisipoelewana na mpiga tromboni, mwezi ujao simwiti. Raia hawezi kutomwita jirani yake mwezi ujao, na wapenzi wenzangu wengi wanaruka hapo wanapolihubiri jukwaa letu kama kielelezo cha dola.

Kuna na suala la ukubwa. Wanne husikilizana. Wakifika ishirini, kila mmoja akiwa na nia njema, mara nyingi unapata uji mzito wa sauti ambamo hakuna anayesikia lolote. Penye wengi pana mengi. Ndiyo maana baadhi ya wabunifu walirudi kwenye kanuni. Lawrence "Butch" Morris, kuanzia mwaka 1985, alisimama mbele ya wanamuziki na kijiti cha kuongozea, akitumia msamiati wa ishara: rudia hicho, kikumbuke, endeleza cha mwenzako, nyamaza. Nota hazikuwepo, lakini mwongozaji alikuwepo, na tusijidanganye, huo ni utawala wa mtu mmoja, hata akiwa na masikio mazuri kama yake.

Mtunzi John Zorn mwaka 1984 alikwenda njia nyingine kwa utunzi wake wa kanuni tupu aliouita Cobra. Mbele anakaa mtu mwenye kadi, lakini haamui yeye. Wapigaji ndio wanaompa ishara kwa kugusa pua, sikio, kichwa, kumwonyesha vidole, na yeye akikubali ombi ananyanyua kadi na kuishusha, na hapo wote wanabadilika. Kadi hazisemi upige nini. Zinasema nani aingie, nani atoke, nani ajibizane na nani. Kisha, na hapa nacheka kila mara, kanuni zenyewe zinaruhusu uasi: mpigaji anaweza kuvaa kitambaa kichwani na kujitoa kwenye amri za kadi, akawa mwasi kwa muda, na hata kujaribu kuwavuta wengine. Upinzani umeandikwa ndani ya katiba, una vazi lake.

Niliahidi nusu nyingine ya ukweli. Ni hii: kuondoa kiongozi hakuondoi mamlaka. Kunayaficha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Jo Freeman aliandika kuhusu vikundi vya ukombozi wa wanawake vilivyokataa kuwa na uongozi, akaonyesha kwamba ndani yake ulikuwepo uongozi wa marafiki, usioweza kuhojiwa kwa sababu rasmi haukuwepo. Angeweza kuwa anaandika kuhusu sisi. Muziki ulio wazi kwa kila mtu ulikuwa, miaka na miaka, muziki wa wanaume. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa kanuni yoyote. Kwani kanuni zilikuwepo? Nani aliitwa kupiga, nani alirekodiwa, nani alionekana ana sauti yake mwenyewe, yote yaliamuliwa baa, baada ya onyesho. Mwaka 1977 Maggie Nicols na Lindsay Cooper walianzisha mjini London kikundi cha wanawake watupu wa papo kwa papo. Walichanganya makusudi mabingwa na wasio na uzoefu mkubwa, wakaingiza kazi za nyumbani na vichekesho jukwaani. Wanaume waliojiita huru walilalamika kwamba wale wanawake hawajui kupiga. Ghafla, katika muziki usio na makosa, makosa yakapatikana.

Mfano mwingine unanisikitisha zaidi kwa sababu wahusika walijaribu kwa moyo. Mwaka 1969 mtunzi Mwingereza Cornelius Cardew, pamoja na Michael Parsons na Howard Skempton, walianzisha Scratch Orchestra, mkusanyiko wa wanamuziki na wasio wanamuziki. Rasimu ya katiba yake ilichapishwa Juni mwaka huo katika jarida la muziki la Uingereza. Kifungu ninachokipenda ni cha zamu: kila tamasha linapangwa na mwanachama mmoja, kuanzia mdogo kwa umri kwenda juu. Mdogo kwanza! Katika orodha nyingi duniani mdogo anaambiwa asubiri. Lakini baada ya miaka michache kikundi kilipasuka, malalamiko yakatoka, na Cardew mwenyewe pamoja na wengine wakageukia siasa za Mao wa China, wakaukana muziki ule ule kwamba haumsaidii mfanyakazi yeyote. Wapo wanaosema katiba ilikuwa dhaifu. Mimi naona ilikosa kifungu kimoja: haikusema wanachama wagombane vipi.

Kwa nini basi serikali zisizo za kidemokrasia zimeuogopa muziki usio na hata neno moja? Sababu mojawapo ni ya kiofisi kabisa. Mkaguzi anahitaji maandishi. Wimbo unaletwa mezani, mashairi yanasomwa, mhuri unapigwa. Muziki wa papo kwa papo hauna cha kuleta mezani. Mnapiga nini kesho? Hatujui. Jibu hilo ni la kweli, na kwa mkaguzi ni la kuudhi. Huko Peitz, mji mdogo wa Ujerumani Mashariki, matamasha ya jazi huru yalivuta vijana wengi kuanzia mwaka 1973 hadi wakuu walipoyapiga marufuku mwaka 1982. Katika Umoja wa Kisovieti walikuwepo watatu wa Vilnius, Ganelin, Tarasov na Chekasin. Kanda zao zilivushwa hadi London na kutolewa kwenye santuri na kampuni ya Leo Records, na kwenye jalada kukaandikwa tahadhari kwamba wanamuziki hawahusiki na kuchapishwa kwa kanda hizo. Watu walipiga pamoja kwa ukaribu wa ajabu, kisha karatasi ikatamka kwamba hawahusiki. Tahadhari ile iliwalinda.

Lakini nisiwatukuze mno wenzangu. Palipo na uhuru tayari, kupiga bila nota hakuhitaji ushujaa wowote, na baadhi yetu tunatembea kama tumetoka gerezani.

La mwisho ni juu yenu, wasikilizaji, maana katika haya yote ninyi mmekaa kimya gizani huku watu wanne wakijiita demokrasia mbele yenu. Kikundi cha Musica Elettronica Viva, wengi wao Wamarekani waliokutana Rome mwaka 1966, kililiona tatizo hilo na mwaka 1968 kikaanza maonyesho ambamo waliohudhuria walikaribishwa kupiga. Usiku mwingine ilikuwa vurugu, usiku mwingine watu wasiojuana walipata mdundo mmoja. Wanamuziki waligundua kwamba kazi yao imekuwa ngumu zaidi: kumsaidia mgeni asikike bila kumfundisha. Eddie Prévost wa AMM alichukua njia ya utulivu zaidi, warsha ya kila wiki mjini London kuanzia mwaka 1999, ambako mtu anaingia na ala yake na kupiga na waliopo. Ukiniuliza wapi undugu na demokrasia ni wa kweli zaidi, nitakuelekeza kwenye chumba kama hicho kabla ya kukuelekeza kwenye tamasha lolote, kwa sababu pale hujachagua wa kupiga naye.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi niliyesema mengi kuhusu kumaliza sina pa kukimbilia. Tupokee maswali. Yule ndugu wa nyuma ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipogusa habari za kura na bajeti, naomba aanze yeye.